Kuzaliwa Mara ya Pili au Kuzaliwa Kutoka Juu: Neno la Yesu kwa Nikodemo na Masikio ya Buhaya

Katika mlango wa tatu wa Injili ya Yohana, mzee wa Kiyahudi jina lake Nikodemo amwendea Yesu usiku, na katika mazungumzo yao aambiwa neno ambalo wasomaji wa Kiswahili wamelizoea kwa umbo moja: kwamba mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili. Maneno ya kitabu hicho yaliyotoka kanisani yakaenda mbali kama hili ni machache. Lahubiriwa sokoni na kwenye vituo vya magari, na watu wazima hujitambulisha kwalo. Katika Buhaya, yaani nchi ya Bukoba na Muleba iliyo magharibi ya ziwa Viktoria, limewahi kuwatenga watu waliokuwa wakikaa benchi moja la kanisa. Nia ya makala haya ni kulitazama neno hilo kwa jicho la lugha. Neno la Kiyunani lililofasiriwa hivyo lina maana mbili. Kiswahili hakina neno moja la kawaida liwezalo kuzichukua zote. Na ile maana iliyobaki nje ndiyo, kwa maoni yangu, ambayo Mhaya angeweza kuisikia upesi zaidi, kwa sababu ya jinsi ukoo unavyohesabiwa kwao.

Neno lenyewe ni "anothen". Asili yake ni "ano", maana yake juu, likaongezwa kiishio kionyeshacho mahali kitu kinapotoka. Kwa hiyo maana yake ya kwanza ni "kutoka juu". Lakini kwa kutumika sana likapata maana nyingine, "tangu mwanzo", na kutoka hapo "upya". Njia hiyo si ngeni kwetu: mwalimu amwambiapo mtoto asome tena toka juu, hana haja na urefu wa karatasi, ataka aanze upya. Luka, katika mstari wa 3 wa mlango wake wa kwanza, alilitumia neno hili kwa maana ya tangu mwanzo. Paulo alipowaandikia Wagalatia (4:9) alilitumia kwa maana ya upya, tena akaliweka karibu na neno jingine, "palin", lisemalo "tena" waziwazi.

Yohana mwenyewe alitumia "anothen" mara tano. Mbili ni hizi za Nikodemo, katika mistari ya 3 na 7. Ya tatu imo katika mlango huohuo, mstari wa 31, inapotajwa habari ya yeye ajaye kutoka juu. Ya nne ni katika 19:11, Yesu anapomwambia Pilato mamlaka yake yametoka wapi, na ya tano ni 19:23, katika habari ya kanzu iliyofumwa bila mshono kuanzia juu. Katika hizo tatu za mwisho hakuna mfasiri awezaye kuweka "mara ya pili" asichekwe. Ushahidi huu wa mwandishi juu ya msamiati wake mwenyewe ni mzito, nao haukupewa uzito wake.

Kwa nini basi wafasiri wengi waliipendelea maana ya kurudia? Kwa sababu ya jibu la Nikodemo. Yeye auliza kama mtu mzee aweza kurudi tumboni mwa mamaye akazaliwa, na ni dhahiri kwamba amesikia habari ya kurudia. Lakini kusikia kwa Nikodemo si hoja ya kutosha. Katika Injili hii watu humsikia Yesu vibaya mara kwa mara, na mwandishi hujenga mafundisho juu ya kusikia huko. Wayahudi hekaluni, katika mlango wa pili, wasikia habari ya kuvunjwa kwa hekalu, nao wahesabu miaka 46 ya kujengwa kwake. Mwanamke Msamaria, katika mlango wa nne, asikia habari ya maji yaliyo hai akafikiri maji ya chemchemi, maana kwa lugha yao maji yatiririkayo huitwa hai. Nikodemo yumo katika safu hiyo. Amesikia nusu ya neno.

Zaidi ya hayo, Nikodemo harudii neno la Yesu. Yesu asema "anothen". Nikodemo ajibu kwa "deuteron", neno ambalo hapa halina maana ila moja, nayo ni mara ya pili. Kisha Yesu aeleza alilokusudia, na katika maelezo yake yote, kuanzia mstari wa 5 hadi wa 8, hakuna hata neno moja la hesabu. Neno linalorudiwa ni "ek", lenye maana ya "kutoka katika": kutoka katika maji na Roho, kutoka katika mwili, kutoka katika Roho. Hapa Kiswahili kimewafanyia wasomaji wake jambo ambalo sidhani wafasiri walilikusudia. Kiliweka "kwa", na "kwa" yetu ni mtumishi wa mabwana wengi. Mtu husafiri kwa miguu, hufa kwa njaa, hukaa kwa mjomba. Asomaye kwamba mtu huzaliwa kwa maji na kwa Roho aweza kudhani maji ni chombo cha kazi hiyo, ilhali Kiyunani chaonyesha mahali atokapo mzaliwa. Mafafanuzi ya Yesu, basi, yote ni ya asili, si ya idadi.

Wako waulizao kama utata huu ulikuwamo katika mazungumzo yenyewe usiku ule. Kiaramu, lugha ambayo yaaminika Yesu aliisema, hakijulikani kuwa na neno moja lichukualo maana hizo mbili pamoja. Yaelekea basi utata ni wa Yohana, aliyeandika Kiyunani na kuzijua hila zake. Sioni kwamba jambo hilo lapunguza kitu. Mfasiri hufasiri kitabu kilicho mbele yake. Wafasiri wa zamani waligawanyika kimya kimya. Tafsiri ya Kisiria iitwayo Peshitta ilishika maana ya tangu mwanzo. Kilatini cha Jerome kiliweka "denuo", yaani upya, kwa Nikodemo, kisha kikaweka "desursum", yaani kutoka juu, katika mstari wa 31. Luther alifanya vivyo hivyo kwa Kijerumani. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliweka maana ya kurudia ndani na ile ya kutoka juu pembeni mwa ukurasa; tafsiri nyingine ya Kiingereza, New Revised Standard Version ya 1989, ilibadilisha viti, ya pembeni ikaingia ndani na ya ndani ikashushwa chini.

Tuje katika Kiswahili. Tafsiri ya Union, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1950 na Biblia nzima 1952, ndiyo iliyokaa katika masikio ya watu. Humo "anothen" ya mistari ya 3 na 7 ni "mara ya pili", na ile ya mstari wa 31 ni "kutoka juu", hata msomaji hana njia ya kujua kwamba ni neno moja. Tena "deuteron" ya Nikodemo nayo ni "mara ya pili", hata msomaji hana njia ya kujua kwamba ni maneno mawili. Basi katika Kiswahili Nikodemo hakukosea kusikia. Alisikia sawasawa alichoambiwa, akakirudia kwa maneno yaleyale, na kosa lake likabaki kuwa la uzito wa akili tu, wala si la sikio.

Wala jambo haliishii hapo. Waraka wa kwanza wa Petro (1:3 na 1:23) unatumia kitenzi kingine kabisa, "anagennao", na katika Union watu hao nao wamezaliwa "mara ya pili". Waraka kwa Tito (3:5) unatumia nomino "palingenesia", yenye "tena" ndani yake, nayo ikawa kuzaliwa "kwa pili". Maneno manne ya Kiyunani, njia moja ya Kiswahili. Mtu atafutaye mafundisho kwa kulinganisha aya na aya ataona mwangwi mahali ambapo mwandishi hakupiga kelele, na mahali alipopiga, yaani mstari wa 31, hatasikia kitu. Biblia ya Habari Njema iliyotoka katika miaka ya 1990 ilichagua "upya", neno jepesi zaidi kwa kuwa halihesabu. Lakini juu bado hakumo.

Sasa yatupasa kwenda Bukoba, maana huko tafsiri hii haikubaki karatasini. Wahaya walianza kusoma vitabu vya Kikristo kabla Kiswahili cha kanisa hakijapata nguvu kwao. Mapadre Weupe waliweka misheni yao Kashozi mwaka 1892. Kwa upande wa Waprotestanti, walikuwako Wahaya waliojifunza kutoka Uganda kabla ya wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, kufika mwaka 1910. Kitabu cha Waprotestanti hao kilikuwa cha Kiganda, ambacho Biblia yake nzima ilikuwa tayari tangu 1896, na Kiganda nacho kilisema "omulundi ogw'okubiri", ambayo kwa kila hali ni mara ya pili. Basi hesabu iliingia Buhaya kwa milango miwili, wa kaskazini na wa pwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uliingia Uamsho, uliotokea Rwanda na Uganda. Watu wake waliitwa Abalokole, kwa kitenzi cha Kiganda "okulokoka", ambacho sikio lolote la Kibantu laweza kukitambua kuwa ndugu wa "kuokoka" yetu. Kiswahili kilikuwa na wokovu wake tayari; hata hivyo kilimpokea "mlokole" kama mgeni mwenye sifa zake, kwa sababu aliyeokoka aweza kuwa ameokoka ajalini, lakini mlokole ni mtu wa namna fulani. Alama moja ya namna hiyo ni ushuhuda. Mlokole husimama akaeleza alivyokuwa, akataja dhambi zake, na aghalabu akataja siku. Neno "mara ya pili" lapenda siku. Mara ya kwanza ina tarehe yake katika cheti. Ya pili nayo itakosaje?

Hapa ndipo palipotokea shida, nayo haikuwa shida ya maneno tu. Watu walioulizwa swali hilo wengi walikuwa wamebatizwa, na baadhi yao walikuwa wazee wa kanisa, walimu na wachungaji, watu wa daraja ya Nikodemo. Walutheri wa Ndolage na Wakatoliki wa Rubya, sehemu mbili za Muleba ya leo zilizojengewa hospitali na makanisa hayo mawili, walitofautiana kwa mengi, lakini kwa ubatizo walikuwa karibu kuliko walivyopenda kukiri. Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 yaunga ubatizo na maneno yale ya Tito. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulikataza maji ya mlango wa tatu wa Yohana yasifanywe mfano tu. Kwa wote wawili mtoto aliyebatizwa alikwisha kuzaliwa.

Sasa msomaji ahesabu. Ikiwa ubatizo ni kuzaliwa mara ya pili, kule kuvunjika moyo na kutubu kwa mtu mzima ni nini? Hakuwezi kuwa mara ya pili, maana nafasi imejaa; na kuwa mara ya tatu hakuna aliyethubutu kusema. Ikiwa toba ndiyo mara ya pili, basi ubatizo haukuwa kuzaliwa, na mzee aliyebatizwa utotoni amekaa kanisani miaka arobaini bila kuzaliwa. Hesabu haikubali watu wawili katika kiti kimoja. Mabishano haya yaliendelea miaka mingi. Walokole walio wengi walibaki ndani ya kanisa lao, na katika miaka ya 1950 wengine wakatoka. Josiah Kibira, aliyekuwa mwenyewe mtu wa Uamsho, alikuja kuwa askofu wa Bukoba mwaka 1964 baada ya Bengt Sundkler, akakaa hata 1984. Yaani kanisa lililokuwa likiuliza Walokole ni akina nani likaongozwa na mmoja wao kwa miaka 20.

Sisemi kwamba mfasiri ndiye aliyeleta ugomvi. Watu wangegombana hata kwa Kiyunani. Nasema kwamba "kutoka juu" kusingewapa hesabu ya kugombania. Mbatizaji angesema mtoto amezaliwa kutoka juu, mlokole angesema yeye amezaliwa kutoka juu, nao wangebaki na swali gumu zaidi na la faida zaidi: yaonekanaje kwamba mtu ametoka huko?

Na swali hilo ni la Kihaya hasa. Wahaya huhesabu ukoo kwa baba. Kila ukoo una mwiko wake, uitwao "omuziro", na kibanja cha migomba hushuka katika ukoo. Azaliwaye hupata kwa kuzaliwa kwake jina, mwiko, na mahali pa kusimama. Hans Cory na M. M. Hartnoll walipokusanya sheria za desturi za Wahaya katika kitabu kilichotolewa 1945, mambo ya ukoo na ubaba na urithi yalichukua sehemu kubwa ya kazi yao. Katika nchi kama hiyo kuzaliwa si tarehe kwanza. Kuzaliwa ni jibu la swali, "Wewe ni wa nani?"

Kuna jambo la msamiati ambalo lastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha hizi. Kwa Kiganda ukoo ni "ekika", na "oluganda" ni udugu. Ndiyo sababu "ab'oluganda" katika Biblia ya Kiganda ni ndugu, wale ambao mitume huwaandikia. Kwa Kihaya "oluganda" ni ukoo wenyewe. Mhaya wa zamani aliyesoma Kitabu katika Kiganda, au Mlokole aliyeitwa kwa jina hilo na wenzake, alikuwa akiitwa mtu wa ukoo, pengine bila mwandishi wa Kiganda kukusudia hivyo. Kibira aliona uzito wa jambo la ukoo, na kitabu chake cha 1974, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kina ukoo katika jina lake pamoja na kanisa na ulimwengu. Walokole waliishi kama ukoo: walilala katika nyumba za wenzao safarini, walisimamiana katika arusi na misiba. Waliyokuwa nayo kwa vitendo ni maana ile ya pili ya "anothen", hali midomo yao ilikuwa na ile ya kwanza.

Kiswahili chasaidia hapa kwa jambo moja ambalo Kiingereza cha leo hakiwezi. Katika mstari wa 7 Yesu asema na Nikodemo peke yake, lakini asemapo juu ya kuzaliwa ageuka ghafla kwa wingi: si wewe, ni ninyi. Kiyunani chaonyesha hivyo, na "hamna" ya Kiswahili yaonyesha hivyo bila taabu. Hesabu ya mtu mmoja na siku yake haikai vizuri na wingi huo. Ukoo wakaa vizuri.

Nitaje pia, kwa ufupi, utata mwingine wa mlango huu, kwa kuwa huambatana na wa kwanza. Katika mstari wa 8 neno "pneuma" ni upepo na roho pamoja. Kiswahili hutenganisha. Jambo la kusikitisha ni kwamba "roho" yetu imetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao una roho na upepo ndani yake, lakini njiani upepo ulianguka baharini. Kiganda husema "omwoyo", ambayo ni "moyo" wetu kwa asili. Na kwa kuwa moyo wa Kiganda ni "omutima", Mganda hachanganyi. Ila mtu aliyejifunza dini kwa Kiganda, kisha akahamia Biblia ya Kiswahili, amekuta roho, moyo na upepo vimebadilishana nyumba.

Mfasiri afanye nini? Nimefikiri njia nne. "Tena" ni dhaifu, maana yaweza kusikika kama nyongeza tu ya usemi. "Upya" ni nzuri kwa sikio, yaacha nje mstari wa 31. Ya tatu ni kutumia "juu ya": mtu asipozaliwa juu ya kuzaliwa. Kiswahili husema deni juu ya deni, na Injili hii yenyewe, katika mlango wa kwanza, imefasiriwa kwa muundo huo panapotajwa neema. Humo kuna kurudia na kuna juu, vyote viwili; ni karibu na Kiyunani kuliko nilivyotazamia. Lakini ni usemi wa mshairi, na watu wangeuliza maana kabla hawajauliza habari. Naiweka hapa kwa ajili ya washairi.

Ya nne ndiyo niipendayo: kuweka "kutoka juu" katika mistari ya 3 na 7, kuacha "mara ya pili" kinywani mwa Nikodemo, na kuandika chini ya ukurasa kwamba neno la Yesu laweza pia kuwa na maana ya upya. Hasara yake ni kwamba Nikodemo ataonekana amejibu jambo asiloambiwa. Lakini msomaji wa Bukoba au Muleba hatashangaa sana kwa mzee ambaye, akisikia neno kuzaliwa, akili yake huenda kwanza kwa mama na tumbo. Na katika mistari ya 5 hadi 8 "kwa" ibadilishwe iwe "kutoka katika" palipo na "ek", ili msomaji aone mwenyewe swali lilivyogeuzwa kutoka ngapi kwenda wapi. Sharika zilizozoea "mara ya pili" zitaikuta palepale, mstari mmoja chini, katika maneno ya Nikodemo.